Je, gemu zaweza kuwafunza wanafunzi ni nani aliyeachwa nje?

Jioni inapoingia katika miji mingi ya Afrika Mashariki, kuanzia Mombasa na Dar es Salaam hadi Kampala na Bujumbura, vijana hujazana katika vibanda vyenye televisheni na mashine ya gemu. Hulipa sarafu chache, hushika pedi, na kwa dakika kadhaa hugeuka kuwa nyota wa timu kubwa za soka za Ulaya.

Hakuna bango mlangoni linalomkataza mtu yeyote kuingia. Hata hivyo, mtoto asiyeona hubaki akisikiliza kelele za wenzake. Mwenye mkono mmoja hupewa pedi iliyoundwa kwa ajili ya mikono miwili na vidole vyote. Kiziwi hukosa maelezo yanayotolewa kwa sauti pekee. Na yule ambaye macho yake hayatofautishi nyekundu na kijani huweza kumpasia mpira mpinzani wake, akachekwa, bila mtu kujua sababu.

Huko ni kufungiwa nje bila kufuli, na baadhi ya walimu katika nchi mbalimbali wameanza kukutumia kama somo. Hawawaulizi wanafunzi jinsi wanavyowahurumia wenzao wenye ulemavu. Wanawauliza: ni nani aliyeamua mchezo huu uwe hivi, na je, ungeweza kuwa vinginevyo?

Sheria zipo, mafundi je?

Swali hilo limekuja wakati wake. Tarehe 28 Juni 2025, sheria ya Umoja wa Ulaya kuhusu ufikivu ilianza kutumika. Sheria hiyo inataka bidhaa na huduma kama vile simu, kompyuta, vitabu vya kielektroniki, huduma za benki na biashara ya mtandaoni ziweze kutumiwa na watu wenye ulemavu.

Kenya nayo, mwezi Mei mwaka huo huo, ilipata sheria mpya ya watu wenye ulemavu iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 2003. Kabla ya hapo, mwaka 2022, nchi hiyo ilikuwa imezindua kiwango cha kitaifa cha ufikivu wa bidhaa na huduma za teknolojia ya habari.

Ufikivu, kwa maneno mepesi, ni hali ya kitu au huduma kuweza kutumiwa na kila mtu, awe anaona au haoni, anasikia au hasikii, anatembea au hatembei. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, uliopitishwa mwaka 2006, unautaja ufikivu katika ibara yake ya 9. Ibara ya 24 inahusu elimu, na ibara ya 30 inasema wazi kwamba watoto wenye ulemavu wana haki sawa na wenzao ya kushiriki katika michezo na burudani, ikiwa ni pamoja na ile ya shuleni. Kenya na Uganda ziliuridhia mkataba huo mwaka 2008, na Tanzania mwaka 2009.

Wanaohusika si wachache. Shirika la Afya Duniani, WHO, linakadiria kwamba watu bilioni 1.3, yaani mmoja kati ya kila watu sita duniani, wana ulemavu wa kiwango kikubwa. Shirika la kuhudumia watoto, UNICEF, lilikadiria mwaka 2021 kwamba watoto wenye ulemavu wanakaribia milioni 240.

Lakini sheria haiandiki programu ya kompyuta, wala haichori kitufe kwenye skrini ya simu. Kazi hiyo hufanywa na fundi, na fundi huyo mara nyingi ni kijana aliyetoka darasani juzi. Mwaka 2022 taasisi ya ukuzaji mitaala ya Kenya, KICD, iliidhinisha mtaala wa kuwafundisha wanafunzi wa shule za msingi na sekondari uandishi wa programu. Mwanafunzi anayefundishwa kutengeneza kitufe, asifundishwe kufikiria ni nani atakayekibonyeza, atakuja kuwa fundi hodari wa kufungia watu nje. Na wala hatajua kwamba amefanya hivyo.

Kizuizi kiko wapi?

Waswahili husema, kabla hujafa hujaumbika. Methali hiyo imewaonya watoto wengi wasimcheke mwenye ulemavu, kwa kuwa hakuna aijuaye kesho yake. Ni onyo la busara. Lakini linaiacha shida ndani ya mwili wa mtu, kana kwamba jambo pekee la kufanya ni kumshukuru Mungu na kunyamaza.

Gemu huionyesha shida hiyo mahali pengine. Mfano mmoja ni mchezo wa mtandaoni uliotengenezwa na kitengo cha elimu endelevu cha Chang School, katika chuo kikuu cha mjini Toronto, Canada, ambacho sasa kinaitwa Toronto Metropolitan. Mchezo huo umeundwa kama njia zenye kupotezana. Mchezaji hukutana na vizuizi vinavyofanana na vile ambavyo watu wenye ulemavu hukutana navyo katika tovuti, hutafuta namna ya kuvivuka, na hufunzwa jinsi vinavyoweza kuondolewa.

Mchezo huo ulizaliwa katika jimbo la Ontario, ambalo tangu mwaka 2005 lina sheria iliyoweka lengo la kulifanya jimbo zima lifikike kwa watu wenye ulemavu ifikapo mwaka 2025. Lengo hilo halikutimia kwa wakati. Hiyo ni ishara kwamba hata penye sheria na fedha, mazoea ya wajenzi hubadilika polepole kuliko karatasi za bunge.

Mwanafunzi wa Afrika Mashariki anayo njia fupi zaidi ya kulielewa jambo hili. Gemu nyingi kubwa hazina Kiswahili. Kijana asiyejua Kiingereza hukwama kwenye ukurasa wa kwanza, akabahatisha vitufe hadi mchezo uanze. Hakuna anayedai kwamba kijana huyo ni mgonjwa kwa kuzungumza Kiswahili. Kila mtu anaelewa kwamba mtengenezaji hakumfikiria. Mwalimu akianzia hapo, si vigumu tena kumweleza mwanafunzi kwamba kiziwi mbele ya mchezo usio na maandishi yuko katika hali hiyo hiyo.

Waliokwisha kubadilisha

Ushahidi kwamba mchezo ungeweza kuwa vinginevyo upo sokoni. Mwezi Juni mwaka 2020, kampuni ya Naughty Dog, iliyo chini ya Sony, ilitoa mchezo wa The Last of Us Part II ukiwa na mipangilio zaidi ya 60 ya ufikivu. Maandishi yaliweza kusomwa kwa sauti, milio maalumu ilimwongoza asiyeona kuelekea anakokwenda, na vitufe viliweza kuhamishwa kulingana na uwezo wa mkono. Wachezaji wasioona kabisa waliumaliza mchezo huo mkubwa kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Miaka mitatu baadaye, mwaka 2023, mchezo wa mbio za magari wa Forza Motorsport uliongeza sauti zinazomweleza dereva asiyeona mahali kona ilipo na jinsi gari lilivyokaa barabarani. Marehemu Brandon Cole, Mmarekani asiyeona, alikuwa miongoni mwa washauri wa michezo yote miwili. Hakuitwa mwishoni kuja kupiga makofi. Alikuwemo wakati kazi ikifanywa.

Kwa upande wa vifaa, kampuni ya Microsoft ilianza kuuza mwaka 2018 kifaa cha kuongozea mchezo kwa wale wasioweza kuishika pedi ya kawaida. Kina vitufe viwili vipana, na matundu ya kuunganishia swichi nyingine zinazobonyezwa kwa mguu, kwa kiwiko au kwa kichwa. Hata boksi lake lilibuniwa ili lifunguke bila mtu kulazimika kutumia meno, jambo ambalo watu wengi wenye mikono dhaifu hulazimika kulifanya.

Somo lililo zito zaidi huenda limetoka kwenye jambo dogo kabisa: maandishi yanayoonyesha maneno ya wahusika chini ya picha. Mwaka 2019 kampuni ya Ubisoft ya Ufaransa ilieleza kwamba katika mchezo wake wa Assassin's Creed Origins wa mwaka 2017, maandishi hayo yalikuwa yamezimwa tangu mwanzo, na bado takriban asilimia 60 ya wachezaji waliyatafuta na kuyawasha. Katika mchezo uliofuata, wa mwaka 2018, yaliwashwa tangu mwanzo. Takriban asilimia 95 ya wachezaji waliyaacha yalivyo.

Ni dhahiri kwamba hao wote si viziwi. Wamo wanaocheza usiku wakiogopa kumwamsha mtoto, wamo wasioielewa vyema lugha ya mchezo, na wamo walio katika nyumba zenye kelele. Kilichowekwa kwa ajili ya wachache kiliwafaa karibu wote.

Kitanda na kunguni wake

Hata hivyo, kuna njia ya kulifundisha somo hili inayovutia kwa urahisi, nayo ina hatari zake. Kitanda usichokilalia, wahenga walisema, hujui kunguni wake. Kwa mantiki hiyo, walimu wengi duniani huwafunga wanafunzi vitambaa machoni, au huwaketisha katika viti vya magurudumu kwa nusu saa, ili wayaonje maisha ya wenye ulemavu. Zipo pia gemu zinazofanya hivyo hivyo: huzima skrini na kumwambia mchezaji kwamba sasa yeye ni kipofu.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 na Arielle Silverman, mwanasaikolojia ambaye mwenyewe haoni, pamoja na wenzake wa Marekani, ulionyesha kwamba zoezi la namna hiyo laweza kuleta kinyume cha kilichokusudiwa. Watu waliofungwa vitambaa machoni kwa muda mfupi walitoka wakiamini kwamba wasioona hawana uwezo mkubwa wa kufanya kazi na kujitegemea.

Sababu yake si ngumu kuielewa. Mtu anayefumbwa macho kwa dakika kumi haonji maisha ya asiyeona. Anaonja saa ya kwanza ya upofu, ambapo hata mlango wa chumba chake hauoni. Hapati ustadi wa miaka, wa fimbo nyeupe, wa sikio linalotambua ukuta ulipo, wa vidole vinavyosoma nukta nundu. Kitanda kile alikilalia dakika moja, akaamka akidhani anawajua kunguni wote. Na mwanafunzi anayetoka darasani akiamini kwamba mwenzake hawezi kitu, kesho anapokuwa mwajiri hatampa kazi.

Kwa hiyo tofauti kati ya gemu inayofundisha na gemu inayopotosha iko kwenye swali inalouliza. Ikiuliza, unajisikiaje kuwa hivi, huishia kwenye huruma. Ikiuliza, ni kipi hapa kinachomzuia mtu na utakibadilishaje, huishia kwenye kazi.

Zoezi la pili lawezekana hata katika shule yenye kompyuta chache. Scratch, lugha rahisi ya programu iliyobuniwa katika taasisi ya MIT ya Marekani na kutolewa mwaka 2007, haina malipo na inapatikana pia kwa Kiswahili. Mwanafunzi anaweza kuunda mchezo mdogo, kisha akaujaribu bila sauti, akaujaribu bila kipanya, na akaujaribu rangi zikiwa zimeondolewa. Pale unapokwama, anaurekebisha. Anayepimwa hapa ni mchezo, si mwili wa mtu.

Kutoka Tanga hadi Kibera

Afrika Mashariki si mtazamaji tu katika habari hizi. Kati ya mwaka 2017 na 2019, vijiji takriban 170 vya mkoa wa Tanga, nchini Tanzania, vilikuwa uwanja wa mashindano ya kimataifa ya XPRIZE. Karibu watoto 3,000 walipewa kompyuta za mkononi zenye programu za kujifunza kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili, bila mwalimu. Serikali ya Tanzania, UNESCO na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani walishiriki. Kwa mujibu wa waandaaji, zaidi ya asilimia 90 ya watoto hao hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili hapo mwanzo; baada ya miezi 15 kiwango hicho kilikuwa kimepungua kwa nusu.

Mwezi Mei mwaka 2019 zawadi kuu ya dola milioni 10 iligawanywa kati ya washindi wawili. Mmoja wao ni Kitkit School ya kampuni ya Enuma, iliyoanzishwa na Sooinn Lee na mumewe Gunho Lee, Wakorea waliokuwa katika kazi ya kutengeneza gemu. Wazazi hao waligeukia programu za kujifunzia baada ya kuzaliwa kwa mtoto wao mwenye ulemavu, walipoona kwamba zilizokuwepo hazikumfaa.

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Lakini kilichoanza kwa kumfikiria mtoto mmoja aliyekuwa akiachwa nyuma kilikuja kuwafaa watoto wa vijiji vya Tanga, ambao wengi wao hawakuwahi kuingia darasani. Ni hoja ile ile ya maandishi chini ya picha, safari hii katika Kiswahili.

Mfano wa pili uko Nairobi. Mwaka 2012, shirika la Umoja wa Mataifa la makazi, UN-Habitat, lenye makao yake makuu mjini humo, liliungana na kampuni ya Mojang ya Sweden, iliyounda mchezo wa Minecraft. Mradi wao, Block by Block, huwakusanya wakazi wa mtaa na kuwapa kompyuta ili waujenge upya ndani ya mchezo uwanja au soko lao, kabla wahandisi hawajaanza kazi. Kibera ilikuwa miongoni mwa maeneo ya mwanzo. Mradi unawalenga hasa wale ambao sauti zao husikika kwa shida katika mipango ya miji: wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu.

Thamani ya njia hiyo kwa mwanafunzi ni kubwa. Ngazi iliyojengwa kwa saruji ni ghali kuibomoa. Ngazi ya ndani ya mchezo huondolewa kwa kubonyeza kitufe, na mahali pake hukaa mteremko unaopitika kwa kiti cha magurudumu. Kosa hugunduliwa likiwa bado ni picha.

Bei, na draft ya vizibo

Haitakuwa haki kuzungumza juu ya gemu bila kuzungumza juu ya fedha. Kifaa kile cha Microsoft kilianza kuuzwa kwa takriban dola 100, na swichi zake hununuliwa pembeni. Shule nyingi za Afrika Mashariki hazina umeme wa uhakika, na zilizo nao hugombania kompyuta chache. Nchini Uingereza, shirika la hisani la SpecialEffect, lililoanzishwa mwaka 2007, huwasaidia watu wenye ulemavu kupata vifaa vya kuchezea vinavyowafaa, na familia za Kiafrika Mashariki zilizoko huko zina mlango wa kubisha. Anayebaki nyumbani hana mlango kama huo karibu.

Hata hivyo, si kila kitu kinahitaji fedha. Mchezo wa simu wa A Blind Legend, uliotolewa nchini Ufaransa mwaka 2015, huchezwa kwa masikio tu, bila picha. Na wale wanaotuma mashine za gemu nyumbani kama zawadi kutoka Ghuba, Ulaya au Marekani wanaweza kufungua kwanza sehemu ya mipangilio ya ufikivu. PlayStation 5, kwa mfano, inayo tangu ilipoanza kuuzwa mwaka 2020. Mara nyingi msaada umo ndani ya mashine, umezimwa, na hakuna aliyeuliza.

Aidha, mwalimu asiye na umeme kabisa anaweza kuanza na draft. Barazani, mchezo huo huchezwa kwa vizibo vya soda: vya mchezaji mmoja hutazama juu, vya mwenzake hugeuzwa chini. Kidole peke yake chatosha kujua kizibo ni cha nani, pasipo macho wala rangi. Bao la Kiswahili, lenye mashimo 32 na kete 64, nalo huhesabika kwa kupapasa. Waliobuni michezo hiyo huenda hawakukusudia kumjumuisha asiyeona, lakini nafasi yake imo. Mwalimu akiuliza ni kwa nini draft ya vizibo humfaa mtu ambaye draft ya kwenye simu humshinda, somo limekwisha kuanza.

Linalobaki ni suala la nani aliyeko mezani. Harakati za watu wenye ulemavu duniani zina kauli mbiu ya siku nyingi, kwamba lisiamuliwe lolote juu yao bila wao. Darasa linalojifunza ujumuishi huku mwanafunzi mwenye ulemavu akiwa hayumo linajifunza nusu ya somo. Akiwepo, si wa kuonewa huruma wala wa kufanyiwa mfano. Ndiye anayejua mchezo unakwama wapi, na wenzake watamhitaji ili kazi yao ipate alama.

Huenda miaka kumi ijayo mmoja wa vijana wanaojazana vibandani jioni hii atakuwa anatengeneza gemu, au programu ya benki, au mashine ya kukatia tiketi za basi. Atakapofika mahali pa kuchagua kati ya rangi pekee na rangi pamoja na alama, au kati ya sauti pekee na sauti pamoja na maandishi, hakuna polisi wala wakili atakayekuwa amesimama nyuma yake. Kutakuwa na kile alichofundishwa shuleni, na kumbukumbu ya mwenzake aliyekuwa akibaki nje ya mlango, akisikiliza.